Ukikutana na 2,147,483,647: Tahadhari kwa Wasiojua

Ukiitazama tu, haina madhara. Isome polepole: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Hatari huanza mtu anapotaka kuifanyia hesabu.

Kwanza wasimamizi wa mirathi. Marehemu akiacha shilingi kiasi hicho na warithi wawili, itabaki shilingi moja. Wakiwa watatu, moja tena. Saba, moja. Hata kumi na mmoja! Usigombane na kikokotoo. Namba hii ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa hiyo mgawo usio na manung'uniko unataka mrithi mmoja, au warithi 2,147,483,647, kila mtu na shilingi yake. Ukoo wenu haujafika huko, hata mkihesabu wa nje.

Mbishi atataka kuhakikisha mwenyewe. Asianze kugawa ovyo. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyeimaliza kazi hiyo St. Petersburg mwaka 1772 akiwa karibu kipofu, alitumia ukweli kwamba namba hii ni 2 kwa kipeo cha 31, ukitoa 1. Namba za aina hiyo zina masharti: kigawo chochote tasa cha hii, kama kingekuwepo, kingebakiza 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Tena hakuna haja ya kuvuka 46,340, maana kigawo kikubwa zaidi kingekuwa na mwenzake mdogo. Majaribio hayafiki 400. Mchana mmoja, na subira ya mtakatifu.

Ukiambiwa mambo haya hayana faida, jua mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow alishasema hivyo zamani. Mwaka 1811 aliandika kuwa namba kamilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe) inayotokana na hii pengine ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa namba hizo ni za udadisi tu na haielekei kuna atakayejisumbua. Watu wamejisumbua mno.

Onyo kubwa ni hili: usiongeze moja. Kompyuta inayotunza namba kwa biti 32, pamoja na alama ya hasi au chanya, hapa ndipo hujaa. Ukiongeza moja, mara nyingi hurukia -2,147,483,648, na tajiri anaamka mdaiwa. Mwaka 2014 video ya wimbo Gangnam Style ilipita kikomo hicho kwa idadi ya mara ilizotazamwa, na YouTube ililazimika kupanua kihesabio chake.

Kikomo hicho kinanyemelea hata saa, maana kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, na sekunde 7 juu. Inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini ni usiku wa 13 Desemba 1901. Mwenye basi la saa 12 na nusu asubuhi hiyo akate tiketi ya karatasi.