Mama Mkwe, Nimemeza

Kuna watu waliogunduliwa ugonjwa na profesa, na wengine na mashine ya mamilioni. Mimi nimegunduliwa na panya. Darubini ilikuwa imeshasema mimi mzima: makohozi hayana kitu, nenda nyumbani, punguza feni. Kumbe makohozi yale yale yalisafiri hadi kwa panya buku wa APOPO, wale waliofundishwa kunusa kifua kikuu, wenye makazi yao pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Panya mmoja hupitia sampuli mia moja ndani ya dakika 20. Kwenye yangu akasimama, akakwangua. Maabara wakarudia kwa kipimo kingine, wakakuta panya kasema kweli, nikapigiwa simu. Panya hao hulipwa ndizi kwa kazi yao. Mimi nikapewa vidonge vinne kila asubuhi kwa miezi sita, na hakuna aliyeniuliza kama na mimi napenda ndizi.

Panya simlaumu. Ugomvi wangu ni na bakteria mwenyewe. Wenzake, wale wa kuharisha, wakipata nafasi nzuri hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Unaumwa leo, unameza dawa, wiki haiishi mmeshaachana. Huyu wangu, ambaye Robert Koch alimtangaza kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, hujigawa mara moja kwa karibu siku nzima. Wengine hawajigawi kabisa, wamelala tu. Na dawa nyingi humpiga mdudu aliye kazini, aliyelala zinampita. Ni mpangaji sugu wa Tandika: hodi haitiki, notisi haisomi, nawe mwenye nyumba huna la kufanya ila kukaa mlangoni mpaka njaa imtoe.

Ndiyo maana miezi miwili ya kwanza unameza dawa nne zilizobanwa ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Kisha miezi minne ya dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa ajili ya waliolala. Hesabu mwenyewe. Sehemu kubwa ya dozi nzima mtu mzima naamka alfajiri, tumbo tupu, kwa sababu ya mdudu ambaye yeye bado amelala. Na dawa ni bure, kwa hiyo hata bei sina pa kuilalamikia.

Kituoni niliambiwa nichague: nije kila siku kumezea mbele ya muuguzi, au niteue msimamizi wa nyumbani. Nikaona nyumbani ndiko kwenye nafuu. Mke wangu ni mchuuzi wa samaki, hutoka gizani kuwahi Feri. Watoto wanawahi shule. Aliyebaki ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutusalimia kwa wiki mbili, na wiki hizo, kwa kalenda ya wakwe, bado hazijaisha.

Nyie mnajua heshima ya mkwe. Mimi mbele ya mama yule hata mswaki nauficha mgongoni. Kupiga miayo sithubutu. Sasa kila alfajiri tunakutana sebuleni, yeye kajitanda khanga yake, mimi na bilauri ya maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama mama."

"Haya, meza."

Nameza.

"Fungua kinywa nione."

Nafungua.

"Inua ulimi, baba."

Nainua. Anainama, anachungulia meno ya mume wa mwanawe, yale mawili yaliyotoboka yakiwemo, kisha anachukua kadi na kalamu na kuweka alama ya vema. Nilitoa mahari, nikatoa na mkaja wake huyo huyo mama. Hakuna mshenga aliyetaja kifungu cha kuinua ulimi.

Nikampelekea muuguzi malalamiko nikidhani nimeonewa. Akacheka, akanipa historia. Kumbe haya mambo tumeyakuza sisi wenyewe. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na daktari mmoja mzaliwa wa Czechoslovakia, Karel Styblo, akashirikiana na watu wetu kuonyesha kwamba hata nchi maskini inaweza kuwaponya wagonjwa, ilimradi dawa zipatikane, mgonjwa asimamiwe na kila jina lifuatiliwe kwenye daftari. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likauchukua utaratibu huo na kuusambaza. Maana yake kuna watu India na Peru wamechunguliwa vinywa kwa sababu yetu. Nilirudi nyumbani nikimtazama mama mkwe kwa jicho jingine. Yeye alinitazama kwa lile lile, akauliza kama nimekula.

Sasa tuje kwenye rangi. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Nilionywa, lakini wapangaji wenzangu tunaochangia choo hawakuonywa. Jasho nalo hupakwa rangi kidogo, na machozi pia, kwa hiyo hata nikitaka kulia nafikiria kwanza nimevaa nini. Dobi wangu aligeuza fulana nyeupe mara mbili, akaniuliza kwa adabu, "Bosi, hii juisi unakunywa au unaoga?" Pirazinamidi yenyewe ilihamia kwenye viungo. Mtu wa umri wangu nikawa nashuka daladala kwa awamu. Isoniazidi huweza kuleta ganzi miguuni, hivyo nikaongezewa vitamini B6 ya kuizuia. Kwa hiyo nina dawa, na nina dawa ya dawa.

Haya yote ningeyasamehe, isipokuwa jodari. Isoniazidi haipatani na samaki wa jamii ya jodari. Ukivichanganya, uso unaweza kukuwaka, kichwa kikagonga na moyo ukaenda mbio. Mimi ni mtu wa pwani, nimeoa Tanga, mke wangu anauza samaki, na jodari anaingia ndani kwangu kila jioni kichwa mbele. Wanakaa mkekani wanamla kwa nazi. Mimi nasukumiwa maharage. "Pole baba," anasema mama mkwe, na anaongeza kipande.

Majirani nao wamefungua hospitali yao. Yupo wa mwarobaini, yupo wa mlonge, yupo wa asali na tangawizi. Mmoja, mfugaji, alikuja na chupa ya maziwa ya ng'ombe aliyokamua muda huo huo na kuniapia kwamba yakichemshwa tu nguvu yote inapotea. Muuguzi alipoisikia habari ile alishika kichwa. Ng'ombe naye ana kifua kikuu chake, na maziwa mabichi ni moja ya njia anazotumia kutuletea. Yaani nilikuwa natibiwa wa kwanza huku naletewa wa pili kwenye chupa.

Lakini yote hayo ni madogo. Balaa halisi la dozi hii ni kupona. Wiki chache tu kikohozi kilikatika, jasho la usiku likakauka, njaa ikarudi kwa fujo. Nikawa nakula kama niliyetumwa. Mama mkwe akafurahi, akaongeza ugali. Nikapanda mizani kliniki, nikakuta nimevuka kilo 70. Nikatabasamu nikingoja pongezi. Pongezi ikaja: vidonge huenda kwa uzito, kwa hiyo kuanzia siku hiyo ni vitano.

Na hapo ndipo wajuzi wa kijiwe cha bao walipoanza. "Si umeshapona wewe? Shavu hilo. Unameza nini tena?" Ukiumwa, kumeza dawa hakuhitaji akili, maumivu yenyewe yanakusukuma. Ukishapona, kila kidonge kinataka hoja. Nami alfajiri sina hoja, nina kichefuchefu. Nilimgusia mama mkwe, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba pengine tungepumzika Jumapili.

Hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu: "Kibong'oto."

Watu wa umri wake hawaambiwi mara mbili. Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kulaza wenye kifua kikuu, na leo inajulikana zaidi kwa kutibu kile sugu, kinachozaliwa watu kama mimi wanapojipangia Jumapili. Mama akanikumbusha kwamba enzi zake dozi ilienda mwaka na zaidi, na sindano juu. Hiyo miezi sita ninayoinung'unikia ilitokana na utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki na Waingereza miaka ya 1970, rifampisini ilipoingia. Nilitaka kusema kwamba wangejitahidi kidogo wafike miezi mitatu. Nikakumbuka ninaongea na nani, nikainua ulimi.

Sasa dozi inaelekea ukingoni. Makohozi ya mwisho yamekuja safi, kadi ina alama za vema mpaka pembeni, na muuguzi amemsifu msimamizi wangu mbele ya foleni nzima. Mimi mmezaji hakunitaja. Nyumbani nikamuuliza mke wangu, kwa sauti ya chini, kama mama sasa ataanza kufunga mizigo. Akaniambia mama ameagiza mashine ya kupimia presha, na anataka kujua mara ya mwisho nilipima lini.