Mjerumani wa Wiki Moja

Mwenzetu katua Berlin juzijuzi tu, na tayari anatuhubiria usafi. Huyu huyu aliyekuwa akirusha chupa dirishani mwa daladala pale Ubungo, leo anazibeba kama mayai hadi kwenye mashine ya supamaketi, arudishiwe senti 25 za yuro kwa kila moja. Kumbe ustaarabu una bei, tena si kubwa! Ofisi ya serikali ya mtaa hapa hakuijua hata mlango. Kule sheria imempa wiki 2 asajili anwani yake, kapanga foleni kwa adabu zote. Hongera zake. Ila Jumapili, maduka yamefungwa na kabatini mna mchele mtupu, mhubiri wetu alipiga simu nyumbani: “Shikamoo mama. Hivi wali unapikwaje?”