Sifa za Atoi

Watu hawakosi la kusema. Kila fundi wa lugha ya C siku hizi anamteta atoi, ile fanksheni ndogo inayogeuza maandishi kuwa namba. Wanasahau kwamba kitabu cha Kernighan na Ritchie cha 1978 kilimwonyesha kwa mistari michache tu, na bado anadaiwa makubwa. Leo nasimama upande wake.

Atoi anajua kupokea mgeni. Mletee 42 iliyotanguliwa na nafasi tupu, ataziruka bila kununa. Mletee "42mayai", atachukua 42 na mayai akuachie mwenyewe. Mletee "arobaini", hakufukuzi, atakupa sifuri. Aliyeandika 0 kwa kukusudia na aliyelaza kiwiko kwenye kibodi wanatoka na sifuri ileile, wala programu haitajua nani ni nani. Kusitiri watu kunazidi hapo?

Mtazame nduguye strtol, roho ya karani wa forodha. Anataka umpe pointa ili akuonyeshe aliishia herufi gani. Namba ikizidi kipimo, anaandika ERANGE kwenye errno, na errno yenyewe uwe umeirudisha 0 kabla ya kumwita. Ukaguzi wote huo kwa namba moja! Scanf naye ana kisirani. Akitaka tarakimu ukampa herufi, anaikataa na kuiacha palepale mlangoni. Kitanzi kikizunguka kinaikuta ileile, na "Weka namba:" inamwagika kwenye skrini mpaka uiue programu. (Anayesahau kutazama thamani aliyorudisha scanf ni wewe, lakini hilo tuliache.)

Atoi hana ugomvi huo. Hata ukimpa 3000000000, ilhali int ya biti 32 inakomea 2147483647, hakuna onyo. Kiwango cha C hakiahidi kitakachotoka. Basi ni kama pakacha la zawadi, mpaka ulifungue.

Ushahidi ninao nyumbani. Kwa harusi ya dada yangu niliandika kiprogramu cha kutunza ahadi za michango, atoi akiwa mhazini. Katibu wa kamati akaingiza ahadi ya mjomba kama tunavyoandika sote: 50,000. Atoi akasoma hamsini, akakutana na mkato, akaona asimchoshe mzee, akaishia hapo. Ya shangazi iliingizwa "Sh 20000". Ilianza na herufi, kwa hiyo akasamehewa yote.

Kikao cha mwisho ahadi zikasomwa kwa sauti, jina baada ya jina. Shangazi akafunika mdomo kwa kanga. Mjomba akainuka taratibu, akasema yeye hawezi kubishana na kompyuta, akapapasa mfukoni, akaweka mezani sarafu ya hamsini, akadai risiti.