Tulisahau Kuuliza Upana

Jirani, sogea nikae. Nimechoka. Watu wengine wanatumwa na ukoo kununua mbuzi. Mimi nimetumwa kutafuta shamba la marehemu babu.

Chanzo ni baba mdogo. Kila tukikutana matangani au kwa mahari, akishapata kipande cha nyama, anaanza. Shamba la babu yenu lilianza mtoni likaishia juu kileleni. Mkoloni akalikata, jirani akalimega, na ndiyo maana nyinyi mnapanga vyumba huko Nairobi. Zamani tulikuwa tunatikisa vichwa na kupitisha soda. Mwaka huu akaongeza maneno: kijana aliyesoma aende atafute makaratasi. Wote wakanigeukia. Mimi! Cheti nilicho nacho ni cha useremala. Lakini kwetu ukivaa miwani, basi umesoma.

Nikaanzia Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, jengo lililokuwa la benki. Nairobi nzima hukutana pale nje. Mimi nimengoja watu pale, nimeachwa na mchumba pale, simu yangu imekwenda pale. Sikujua kuna mlango. Nikaingia, nikakuta vinyago tele, mkusanyiko wa Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966. Nikasimama nyuma ya watu wawili nikidhani ndiyo foleni. Kumbe ni watalii. Nikawafuata kinyago kwa kinyago, nikitikisa kichwa kila wakitikisa.

Mwishowe dada mmoja akanihurumia. "Mzee, unatafuta nini?" Mzee! Na nilikuwa nimenyoa. Nikaletewa ripoti za zamani za mkuu wa wilaya, DC wa Fort Hall, ndiyo Murang'a yetu. Kiingereza cha kwenye ripoti zile, jirani, kinakuangalia kutoka juu hadi chini. Nikaokota nilichoweza. Zamani mtu alikuwa na vipande vyake hapa na pale, kimoja ng'ambo ya mto, kingine kwa wajomba. Mwaka 1954 bwana mmoja wa idara ya kilimo, Swynnerton, akatoa mpango: kila mtu vipande vyake vipimwe, vijumlishwe, apewe kimoja cha pamoja na hati juu. Kamati za wazee zikakaa. Na hiyo ni katikati ya Hali ya Hatari ya wakoloni, watu wamesukumwa vijijini, wengine wako kizuizini na shamba lao linaongelewa na watu wengine. Hapo sina mzaha.

Ila nilipofika pale inaposemekana upimaji wa Fort Hall ulivurugika hadi ikabidi kurudiwa, nilipiga meza. Nimempata mwizi! Nikanyamazishwa na chumba kizima.

Baba mdogo akataka ramani. Nikaenda Ruaraka kwa wapimaji wa serikali, nikanunua ile ya moja kwa elfu hamsini. Sentimita moja ni mita 500. Nzuri sana, mito ya buluu, milima ya mistari. Wakaniviringishia. Kwenye matatu ikamgonga mama mmoja sikioni, kondakta akaniambia fundi bomba hulipia bomba. Nikalipa. Nyumbani tukaibandika ukutani, baba mdogo akashika kalamu nyekundu akazungushia shamba la babu. Akazungushia na shule. Na kanisa. Na soko. Tukapiga makofi.

Sasa ikabaki ushahidi. Ofisi ya ardhi, sitaki kesi, sitaji ni ipi. Pale kuna sachi, inakuambia nani anamiliki leo. Ukitaka ya jana na juzi unaomba kopi ya grini kadi, ile kadi ya rejista inayoandika kila kitu tangu shamba lisajiliwe. Kosa langu ni lipi? Nilimwambia mwenye kioski naenda kufuatilia grini kadi. Kufika jioni mtaa mzima unajua nahamia Marekani. Fundi viatu akaja kudai deni lake kabla sijapanda ndege. Mwenye nyumba akaja na mtu wa kuonyeshwa chumba. Mke wangu akaniuliza kwa nini yeye anasikia mwisho.

Kaunta ya ofisi: kitambulisho? Ninacho. Kopi ya hati? Ninayo. Hii namba ilifungwa. Imefungwaje? Shamba liligawanywa mwaka 1969, likigawanywa kadi inafungwa na namba mpya zinafunguliwa. Lipia hiyo ya zamani na hizo mpya. Nikalipia. Nauli ikaisha hapo hapo.

Jirani, ile kadi ya zamani ni mbeya. Hakuna shangazi anayeifikia. Usajili wa kwanza 1962, jina la babu, ekari tatu. Tatu! Nikageuza nyuma nione kama kuna zingine. Hakuna. Halafu ule mgawanyo wa 1969: ekari moja imehamishwa kwa yule jirani aliyetumega. Kwa kuuziwa. Bei imeandikwa. Babu akalipwa pesa zake. Huyo ndiye mtu ambaye tumekataa kuhudhuria mazishi ya kwao miaka yote hii. Mimi mwenyewe nilikataa chai ya mjukuu wake, na nilikuwa na njaa.

Ekari mbili zilizobaki nazo, kwenye kadi mpya, zina mambo. Mwaka 1971 ziliwekwa rehani benki. Mkopo wa nini? Kwetu hatujawahi kuona trekta wala ng'ombe wa gredi. Tumeona redio. Mwaka 1974, chini yake, kosheni: shamba lisiuzwe, lisiguswe, anayezuia ana haki humo. Nani? Nyanya! Nyanya yetu mpole, wa kutupa ndizi na kutuombea, alipanda gari hadi mjini akamwekea mumewe kizuizi cha serikali. Bila yeye tungekuwa tunasimulia hata hizo mbili kama hadithi.

Karani akaniongezea ramani ya usajili ya eneo letu. Hapo ndipo nikapumua. Mashamba yote pale ni vipande vyembamba vimelala sambamba kama mbavu, kila kimoja kinaanza mtoni kinapanda hadi barabara ya kileleni. Letu pia. Baba mdogo hakudanganya hata neno! Linaanza mtoni, linaishia kileleni. Upana ni mita 30 hivi. Kwenye ile ramani yetu ya ukutani ni kama nusu milimita. Mstari wa kalamu yake nyekundu peke yake ni mnene kuliko shamba.

Na usije ukadhani mipaka imekaa sawa. Ramani hizo za usajili zilichorwa kwa picha za ndege, wakifuata ua wa miti iliyopandwa na watu. Sheria yenyewe inasema mpaka ni wa jumla tu. Mkigombana, msajili na mpimaji wanakuja shambani kwanza, ndipo mahakama.

Nikapiga picha kila karatasi, nikatuma kwenye kundi la ukoo. Kimya. Tiki za buluu zinaongezeka tu. Baba mdogo akaandika: hizo kadi zimeghushiwa, na kijana huyu amenunuliwa. Nimenunuliwa na nani, na mimi bado nadaiwa viatu? Akanitoa kwenye kundi. Nauli yangu hajarudisha.

Usiku simu ikalia. Shangazi, anaongea chini chini yuko jikoni. Anataka nimfanyie sachi ya shamba la upande wa mumewe, haraka, kabla bwana huyo hajarudi kutoka mkutano wa ushirika. Namba ananitumia. Pesa nitangulize mimi, atanirudishia.