Bibi Alisema Hasikii

Taa iliyo kando ya kitanda cha Bibi, mama mkwe wangu, ni ya kuguswa. Ukiipapasa shina inawaka, ukiipapasa tena inazima. Ijumaa ile ya Januari iliwaka bila kuguswa na mtu, ikazima, ikawaka tena, kila mume wangu alipobonyeza kitufe cha maiki na kusema "haloo, haloo". Spika ndogo ambayo Bibi huisikilizia Kurani ikamkatiza msomaji na kutoa sauti ya mume wangu, nene, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Mwanangu," Bibi akasema, tasbihi mkononi, "unamwingilia msomaji."

Kabla hajamjibu tukasikia harufu ya plastiki inayoungua. Moshi mwembamba ulipanda nyuma ya kabati, kengele ya moshi ikalia, na nikawatoa watu nje kama walivyo. Bibi alikuwa na khanga mbili juu ya koti langu. Binti yetu alitoka na sufuria ya wali wa nazi, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa ameishika. Tulisimama kwenye theluji hadi mume wangu alipochomoa kila kitu ukutani na kufungua madirisha. Hakuna aliyeumia. Wali ulipoa.

Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi magharibi mwa Columbus, Ohio, si mbali na barabara kuu ya I-70. Mume wangu anaendesha lori, mara nyingi kwenda Indianapolis na kurudi. Redio ya CB, ile ya kuongea kwa kubonyeza maiki, alikuta wenzake wanayo. Wamarekani wanayo kwenye mawimbi ya megahezi 27 tangu 1958, na madereva wa malori ndio walioipa umaarufu miaka ya 1970, wakati wa shida ya mafuta, walipoitumia kuambiana wapi dizeli inapatikana na wapi polisi wamesimama. Hadi leo dereva akitaka kujua kwa nini magari yamesimama mbele, anaweka chaneli 19 na kusikiliza.

Redio ya nyumbani ilikuwa kwa ajili ya Bibi. Marehemu baba mkwe alikuwa karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, na ofisini kulikuwa na redio kol. Bibi alikuwa akienda pale jioni kusikia kama lori alilopanda mumewe limefika mjini salama. Alipokuja kukaa nasi, simu hazikumridhisha. Alitaka kusikia lori likikaribia. Mume wangu akasimamisha antena ya fimbo, kama mita 5 na nusu, juu ya mlingoti nyuma ya gereji, akaweka redio chumbani kwa mama yake, na wakapatana wakutane chaneli 31 kila anaporudi.

Haikufanya kazi vizuri. Sauti ilikuja akiwa kilomita 4 au 5 tu kutoka nyumbani, karibu anatoka barabara kuu. Ndipo akanunua amplifaya iliyotumika, kwa dereva mwenzake. Imeandikwa wati 200. Akaiunganisha mwenyewe Alhamisi, mita ya nguvu ikasoma wati 35, akakesha akiigeuzageuza. Ijumaa yakatokea niliyoyasimulia.

Kesho yake alitaka kununua kubwa zaidi. Nilimwomba aniachie wiki moja.

Mimi nimezaliwa kwa fundi redio. Kibanda cha baba kilikuwa Ngamiani, Tanga, na toka nikiwa na miaka 8 kazi yangu ilikuwa kumshikia tochi na kuokota skrubu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini redio ikiletwa imenyamaza, hakuigusa kabla hajapima umeme unaoingia. Alipima pale unapoingia kwenye redio yenyewe. Ukutani hakupima. Nilikuwa na multimita yake ya sindano kwenye sanduku, pamoja na picha zake.

Nilianzia kwenye kile kilichoungua, yaani kishikio cha fyuzi. Fyuzi yenyewe ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililomshangaza mume wangu: ingewezekanaje plastiki iyeyuke na fyuzi isikatike? Fyuzi ya ampea 30 hungoja mkondo uzidi. Haijui kama kiungo kilicho pembeni yake kimelegea na kinachemka. Nikamwekea kishikio kipya cha muda, kimelegea vilevile kwa sababu waya ulikuwa haukubanwa sawasawa, nikamwambia abonyeze kwa sekunde tatu tu huku napima. Kwenye mashine ya umeme, ile inayoilisha amplifaya, volti 13.8. Kwenye mlango wa amplifaya, volti 10.9. Karibu volti 3 zilikuwa zinapotelea njiani.

Sababu ilikuwa upendo. Mashine ile ya umeme ina feni yenye kelele, na mume wangu hakutaka imsumbue mama yake usingizini, kwa hiyo aliiweka gereji na kuvuta waya mita 7 hadi chumbani. Waya ulikuwa wa spika, milimita za mraba 2.5. Kwenda na kurudi ni mita 14, na waya huo una ukinzani wa kama omu 0.1 kwa urefu wote. Pitisha ampea 20 hapo, volti 2 zimekwenda. Volti 0.9 iliyobaki ilipotea kwenye kishikio cha fyuzi peke yake. Volti 0.9 kwa ampea 20 ni wati 18 za joto, katika kitu kidogo kama kidole gumba, nyuma ya kabati la nguo za bibi kizee. Nilipolipigia hesabu hilo jikoni nililia kidogo, kisha nikaenda dukani kununua waya wa milimita za mraba 16, viungo vya kubana, na koleo lake.

Siku ya Jumatatu jirani yetu aligonga mlango. Ni mzee Mmarekani, mstaafu, mwenye leseni ya redio ya ridhaa kwa miaka mingi. Alisema kwa upole kwamba Ijumaa usiku spika za kompyuta yake ziliongea lugha asiyoijua, na alikuja kuona kama tunahitaji msaada. Mkononi alikuwa na sanduku la chuma lenye mapezi ya kupoza. Ni mzigo wa majaribio: ukinzani wa omu 50 unaofungwa mahali pa antena, unaokula nguvu yote na kuigeuza joto bila kuitupa hewani. Kwa chombo kile unajua amplifaya inatoa nini hasa, pasipo antena kukuchanganya.

Tuliweka mashine ya umeme kando ya amplifaya, na waya mnene usiozidi mita moja. Volti zikakaa 13.4. Mita ikapanda kutoka 35 hadi 90. Mume wangu alikuwa njiani. Nilimpigia aliposimama kupumzika, akafurahi mno. Zile 200 za kwenye bati ni namba ya kuuzia, jirani akanieleza, hupimwa kwenye kilele cha sauti na kwa hali ambayo hakuna nyumba inayo. Kwangu 90 ilitosha kuthibitisha kwamba amplifaya ni nzima.

Ningeishia hapo. Nilikuwa nimeshaanza kukunja nyaya. Bibi, ambaye muda wote alikuwa kitini akitutazama, akauliza: "Sasa nitamsikia?"

Nikamwambia, "Mama, sasa yeye atakusikia wewe."

"Hilo sikuuliza. Toka mwanzo nawaambia mimi simsikii. Ananong'ona."

Nilimtafsiria jirani. Akaweka kikombe cha chai chini na kuniomba nirudie. Kweli alikuwa amelisema tangu mwanzo, zaidi ya mara tano, na sisi wawili tulilichukua kama lalamiko la mtu mzima mwenye masikio yaliyochoka. Amplifaya yetu inafanya kazi upande mmoja tu, wa kutuma. Kama sauti inayoingia nayo ni dhaifu, basi ugonjwa uko mahali ambapo sauti zote mbili zinapita. Hapo ni antena na waya wake.

Lakini mita ilikuwa imeusifu waya huo! Kipimo cha nguvu inayorudi kilisoma 1.3, na kila dereva atakwambia hiyo ni nzuri. Jirani akanifundisha jambo ambalo hata kibandani kwa baba sikulijua. Waya mbovu unaokula nguvu unakula pia ile inayorudi. Nguvu inapotea ikipanda, kinachorudishwa na antena kinapotea kikishuka, na mita iliyo chini haioni kitu cha kutisha. Waya ukioza sana, mita inazidi kuusifu.

Jumamosi tuliuinamisha mlingoti. Jirani hakukubali tuuguse kabla hajapima kwa hatua zake umbali hadi nyaya za umeme za mtaani, akahakikisha kwamba hata ukianguka wote hauzifikii. Watu wamekufa hivyo, wakiwa wameshika antena. Kisha tukafunga mita na mzigo wa majaribio kwenye ncha ya juu ya waya, amplifaya ikiwa imezimwa, redio peke yake. Chini ziliingia wati 4. Juu ilifika wati 1.

Nilikata kiungo kwa kisu. Hakikuwa kimelehemiwa wala kufungwa utepe wa kuzuia maji, na mvua ya misimu miwili ilikuwa imeingia. Ule wavu wa shaba unaouzunguka uzi wa kati ulikuwa mweusi na kijani, na nilipouinamisha waya matone yalidondoka kwenye theluji. Ndiyo maana taa ya Bibi ilikuwa inawaka yenyewe: wavu uliooza hauzuii tena, na nguvu iliyotakiwa kupanda juu ilikuwa inazunguka nyumbani mwetu na kwa jirani.

Waya mpya, mita 15. Nililehemu viungo mwenyewe, nikavizungushia utepe tabaka tatu. Tulipopima juu, zilifika zaidi ya wati 3.

Hapo ndipo jirani alipotuambia la mwisho, mume wangu akiwepo. Sheria ya Marekani inaruhusu wati 4 kwenye CB kwa mfumo wa kawaida wa AM, na amplifaya hairuhusiwi kabisa. Yeye kwenye redio yake ya ridhaa anaruhusiwa nguvu kubwa, lakini amefanya mtihani na ana mawimbi yake. Mume wangu alinyamaza. Alikuwa ametoa fedha ya siku tatu za kazi. Nikamwekea hesabu mezani: kwa kipimo cha mafundi, sindano ya mpokeaji ipande hatua moja, nguvu lazima iongezeke mara 4. Zile 90, hata zingefika juu zote, zingempa hatua mbili na robo hivi, na zisingemwongezea mama yake kusikia hata chembe. Sitaki kusema alikubali kwa moyo mweupe. Alikaa muda mrefu akiitazama amplifaya. Kisha akaikata waya wake wa umeme, ili asije akampa mtu mwingine, akaipeleka gereji.

Jumatano iliyofuata theluji ilikuwa inaanguka tangu alasiri. Bibi alikaa mbele ya redio toka magharibi, hakutaka kula. Saa mbili kasoro dakika chache spika ikakwaruza, halafu sauti ikaja safi, na nyuma yake injini: alikuwa anapita West Jefferson, kilomita kama 15 kutoka kwetu, barabara inateleza, anakwenda polepole.

Bibi akashika maiki kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa Muheza.

"Nakusikia, baba. Nakusikia vizuri. Wali upo. Ova."

Kimya. Akanitazama kwa wasiwasi. Kidole chake kilikuwa bado kimebonyeza kitufe. Nikauondoa mkono wake taratibu.

"Achia, Mama. Anakujibu."