Mjomba, Vitumbua na Kioo cha Mbele

Madereva wa barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro tuna imani moja inayotuunganisha bila kujali dini: taa mbovu ni za anayekuja. Ukipishana na lori Mlandizi usiku, mwanga ukakujaa usoni, unampigia fulu, naye anakupigia fulu, kisha kila mmoja anaendelea na safari akiwa na uhakika kwamba mwenzake leseni aliinunua.

Kumbe mara nyingi mchawi tunaye garini. Kioo cha mbele hujijengea utando upande wa ndani: mvuke unaotoka kwenye plastiki ya dashibodi inapochomwa na jua, moshi, pumzi za abiria, mafuta ya vidole. Mchana huuoni. Usiku taa ikiupiga, mwanga hutawanyika kioo kizima, na bodaboda mwenye taa moja huja kama msafara wa harusi.

Mjomba wangu, mstaafu wa reli na bingwa wa kila fani asiyoisomea, habari za utando hataki kuzisikia. Tulikuwa tunakwenda msibani, giza limeshaingia, nikalalamika kwamba sioni vizuri. "Tulia, mpwa wangu," akasema, akachomoa leso na kukifuta kioo mbele yangu kwa moyo wote. Leso ile ndiyo aliyofungia vitumbua tangu Kibaha.

Basi likatokea mbele.

"Sasa unaona?"

"Naona mabasi matatu, Mjomba."

"Wewe pishana na la kwanza. Hayo mengine yatajipanga."

Tulifika kituo cha mafuta Chalinze kwa dua. Hapo kijana wa kuosha vioo akatuwahi na ndoo ya povu na tambara lililokuwa likitoka kusugua tairi. Kamati ikaundwa bila mwenyekiti. Mmoja akataka tumwagie soda, mwingine dawa ya meno, wa tatu akaapa kwa tumbaku. Mjomba aliziunga mkono hoja zote.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori aliyekuwa akinywa chai pembeni, mtu wa kundi lile lile tulilolilaani njia nzima. Alichukua maji yenye siki kidogo na vitambaa viwili safi, kimoja cha kufutia, kingine kikavu cha kumalizia. Ndani akafuta kutoka juu kwenda chini, nje kutoka kushoto kwenda kulia. "Michirizi ikibaki," akasema, "mwelekeo wake utakwambia iko upande gani." Kitambaa cha ndani kikatoka cheusi hata Mjomba akanyamaza, jambo ambalo familia bado inalijadili.

Somo halikuishia hapo. Ile dawa ya kung'arisha dashibodi tunayoipenda sana, alisema, ndiyo inayoongeza mafuta kwenye kioo, na mng'aro wake hurudisha mwanga machoni. Mpira wa waipa ukizeeka, husugua mchanga juu ya kioo na kuacha mikwaruzo, na mkwaruzo hauna siki. Dawa ya meno nayo husugua; itawaachia mikwaruzo mingine. Na kama kioo ni safi lakini kila taa bado ina mbawa, kapime macho, kwa sababu hata mtoto wa jicho hutawanya mwanga. Hapo Mjomba aliangalia pembeni.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujamlaani wa mbele, futa upande wa ndani, tena kabla jua halijazama, kwa kitambaa ambacho hakijawahi kukutana na tairi wala chakula. Nawe abiria wa kiti cha mbele, funga mkanda, piga soga, kula utakacho. Kioo kina mwenyewe.