Mjomba, Huku Mwenye Nyumba Haonekani

Katy, Texas

Wapendwa wote wa nyumbani,

 

Nimeona kwenye kundi la familia mjomba anauliza tena: "Huyo mwenye nyumba, bei yake ya mwisho ni ngapi?" Mjomba, shikamoo. Mwenye nyumba sijamwona hata kivuli, na sitamwona. Kila ninapokwenda kuiangalia nyumba yake tunayotaka kuinunua, dalali wake anamwambia atoke akamtembeze mbwa. Ninachokiona ni picha zake za harusi ukutani na bakuli la malimau jikoni, malimau ambayo nina hakika hajawahi kuyakamua.

Kwa hiyo ile elimu yote uliyonipa sokoni Kariakoo, kwamba mtu akitaja elfu hamsini wewe utaje ishirini, ucheke, halafu uondoke polepole ukisubiri kuitwa, huku haina pa kushika. Nimgeuzie nani mgongo? Bei imeandikwa kwenye intaneti, dola 365,000, na maneno yote yanatoka kwa dalali wangu kwenda kwa dalali wake. Tena kuna misimu watu wanatoa zaidi ya bei iliyoandikwa. Ndiyo, zaidi! Mwaka 2021 riba za mikopo ya nyumba zilipoanguka hadi kuzungukia asilimia 3, wanunuzi waliigombania nyumba moja kwa kurundika maelfu juu ya bei, na wengine walikubali kununua bila fundi kuikagua. Wauzaji wajanja walikuwa wakiandika bei ndogo makusudi ili watu wagombane. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama huku nako kuna waganga.

Riba ikapanda, mwaka 2023 ikakaribia asilimia 8, na mbio zikapoa. Sasa mnunuzi anaweza kuketi akapiga hesabu zake. Tatizo ni kwamba Texas haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyouzia nyumba yake, hivyo huwezi kwenda ofisini ukauliza jirani alilipwa ngapi. Wanaojua ni madalali. Wa kwangu alinitolea orodha ya nyumba za mtaa uleule, ukubwa uleule, zilizouzwa ndani ya miezi sita: ya chini dola 348,000, ya juu 358,000. Halafu, kwa uso mkavu, akanishauri tutoe 362,000 "ili tuonekane tuko makini".

Dada, najua utakachosema: dalali ni dalali, analipwa kwa asilimia, lazima atake bei ipande. Nilifikiri hivyohivyo mpaka nikapiga hesabu. Nikiongeza dola 7,000, kwa asilimia 2.5 yeye anapata dola 175 tu. Huyu hahangaikii bei, anahangaikia siku: anataka tumalize mwezi huu aende kwa mteja mwingine. Ushauri wake niliuchuja kwa kipimo hicho. Na msidhani wa huku ni malaika kuliko wenu wanaodai hela ya kuonyesha chumba. Tangu Agosti 2024 mnunuzi anasaini mkataba wa malipo ya dalali kabla ya kukanyaga mlangoni.

Mama alipendekeza nimwandikie mwenye nyumba barua, nimweleze kwamba tunatoka familia ya watu wa dini, na niambatanishe picha ya watoto. Dalali alikaribia kuanguka. Sheria ya makazi ya 1968 inakataza kumbagua mnunuzi kwa rangi au dini, na ikaja kuongezewa habari ya kuwa na watoto, kwa hiyo madalali wengi hawataki kabisa barua zinazomwonyesha muuzaji ni nani anayetaka kununua. Mama, picha ni nzuri, nimeibandika kwenye friji letu.

Sasa twende kwenye nyumba yenyewe. Udongo wa sehemu nyingi za huku ni mfinyanzi: mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unasinyaa na kuuacha msingi ukining'inia. Ndiyo maana kiangazi utawakuta watu wazima wamelaza mpira wa maji kuizunguka nyumba, wanamwagilia msingi. Si bustani, msingi. Mke wangu alichukua gololi mfukoni mwa mtoto akaiweka katikati ya jiko. Ikatulia, kama inajishauri, kisha ikaanza safari, ikapita chini ya friji, ikagonga ukuta. Dalali alijifanya anakagua dari. Mke wangu hakusema neno. Alitoa simu, akafuta bei aliyokuwa ameiandika, akaandika nyingine.

Na swali zuri kuliko yote liliulizwa na mjomba, maana amekulia Jangwani, bonde la mafuriko la Dar: "Maji yanafika?" Upande mmoja wa Katy kuna bwawa la Barker, lililojengwa na wahandisi wa jeshi miaka ya 1940 ili mafuriko yasifike katikati ya Houston. Siku nyingi halina maji, ni pori na njia za baiskeli. Agosti 2017 kimbunga Harvey kililijaza, maji yakavuka mpaka wa ardhi ya serikali yakaingia mitaani, na wengi ndipo walipojua kwamba wamejenga ndani ya bwawa. Tangu Septemba 2019 sheria inamtaka muuzaji aandike kwenye fomu kama nyumba imo humo na kama iliwahi kuingiwa na maji. Yetu imo. Maji, fomu inasema, yaliishia kwenye njia ya gari. Basi bima ya mafuriko nikaiweka kwenye hesabu, pamoja na kodi ya nyumba. Jimbo hili halikati kodi ya mshahara, lakini hasira zake zote linazimalizia kwenye nyumba. Mitaa mingi mipya inatozwa asilimia mbili na nusu ya thamani kila mwaka.

Tena kila dola 10,000 ninazokopa kwa riba ya asilimia 7 ni kama dola 67 kwa mwezi, na kwa miaka 30 zinakuwa karibu 24,000. Baada ya kuona hivyo, ustaarabu wote ulinitoka. Nyumba ilishakaa sokoni zaidi ya mwezi na bei ilishateremshwa mara moja, na nyumba ikifika hapo watu wanaanza kuinusa kama samaki wa soko la Feri saa nane mchana. Tukatoa 344,000. Dalali akasema tutawaudhi. Wakaudhike na mbwa wao. Walijibu 359,000. Hapo, mjomba, nikakumbuka kuondoka polepole: nilimwambia dalali asijibu chochote wikiendi nzima. Jumatatu asubuhi tuliitwa.

Tumekutana kwenye 352,000, na friji lao linabaki. Bado mthamini wa benki hajaja. Akisema nyumba ina thamani ya 345,000, benki itakopesha kwa hesabu yake, na pengo ama wauzaji washushe, ama nilijaze kwa fedha taslimu ambazo sina. Arubuni tumeshaiweka, asilimia moja hivi. Pia tumelipa ada ndogo inayotupa siku chache za kujitoa bila kuulizwa sababu, na leo mtaalamu wa misingi yuko jikoni na vipimo vyake.

Muda huo wa kujitoa unakwisha Ijumaa saa kumi na moja jioni ya huku, yaani kwenu saa saba usiku wa kuamkia Jumamosi. Mwenye neno aseme kabla ya hapo. Na tafadhalini, mtu asianze kugawa vyumba.